Mgonjwa ndie mpishi

Mwezi wa tisa 2019 nlianguka kwenye mkarafuu. Sio kutoka kileleni kama wanavosimulia watu wa barazani, tawi lilinikatikia nikiwa juu kiasi cha urefu wa mlango tu, ila mguu ulitangulia vibaya, mfupa wa kifundo ukapasuka, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, wiki sita. Na msimu ndo umechanganya, kila mwenye nguvu zake yuko shamba, mie nimewekwa kwenye mkeka pembeni ya mlango wa jiko kama gunia la makonyo, vile vikonyo vinavotolewa kwenye karafuu, kwa sababu ndani joto na barazani kila anaepita anataka nimhadithie upya nilivoanguka.

Sina kazi, simu haina bando, nikawa naangalia tu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mke wangu kashawasha moto. Uji wa mtama wa mama yangu, kaonja kama sukari imekaa. Chai ya watoto wa skuli, kaonja. Chai yangu mie, nlikuwa naitaka tamu kushinda ya wengine, kaonja tena. Andazi la kwanza kutoka kwenye karai kalikata aone kama ndani limewiva, nusu kala. Mtoto wetu wa mwisho kabakisha uji kikombeni, kaumalizia yeye, chakula hakimwagwi. Hapo saa mbili haijafika. Nikaanza kuhesabu, kila akitia kitu mdomoni nachomeka konyo moja la karafuu kwenye ukindu wa mkeka. Tui la nazi, mchuzi, punje za wali kuona kama umewiva, ukoko wakati wa kuosha sufuria, tambi za sukari za jirani aliekuja kuuliza zimekosa nini. Mpaka anakwenda kulala nlikuwa na makonyo 31.

Sasa huyu ni mtu ana sukari. Ana kitabu cha kliniki, ana vidonge, ana sindano asubuhi na jioni. Na kila akiulizwa kliniki anakulaje anajibu nakula mara tatu na kidogo tu, na wallahi hakuwa anadanganya, ndo alivokuwa anaamini mwenyewe. Kuonja sio kula. Kumalizia kikombe cha mtoto sio kula. Nani anahesabu?

Nnaandika hili kwa sababu kila tukizungumza habari ya familia kumsaidia mgonjwa wa sukari utasikia mke ampikie mumewe chakula chake, mke amkumbushe dawa, mke amfuate kliniki. Sawa. Na akiumwa mke? Mwanamme akipata sukari anapata mpishi. Mwanamke akipata sukari anaendelea kuwa mpishi vile vile, wa nyumba nzima, na wageni juu yake.

Nirudi nyuma kidogo. Tulijua 2015. Alikuwa anakunywa maji kama kalamba chumvi, usiku anaamka mara nne mara tano kwenda chooni, kapungua mpaka madera yanamning'inia, na sote tukasema kazi nyingi. Kwenye harusi moja kuna mtu alikuja na kipimo chake, wanawake wakawa wanapimana kama mchezo, yeye ikasoma 17.8. Asubuhi yake tukenda kituo cha afya hajala kitu, 12.9. Kwa asiejua, mtu akilala bila kula usiku kucha halafu asubuhi kipimo kikasoma 7.0 au zaidi, na kikirudiwa siku nyengine ni vile vile, hio ni sukari. Yeye kwa namba zile na dalili zile wala haikuhitaji kurudiwa.

Dakta akamuuliza kama aliwahi kupata sukari ya mimba. Akasema ndio, mimba ya mwisho, 2011, lakini iliondoka. Na kweli iliondoka. Ila mwanamke aliepata sukari ya mimba anabaki na hatari kubwa ya kuja kupata ile ya kudumu, na anatakiwa apimwe wiki sita mpaka kumi na mbili baada ya kujifungua, halafu aendelee kupimwa kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu hata kama hasikii chochote. Sijui kama tuliambiwa tukasahau au hatukuambiwa, mie nnakumbuka tulifanya akika ya mtoto, tukala pilau, basi.

Baada ya hapo nikawa askari. Ndo msaada nlioujua. Nikirudi kazini swali la kwanza umekula nini, umemeza dawa, hio chai mbona nyeupe. Nlikuwa nnaona nnampenda. Yeye akaanza kuficha. Siku moja nikatafuta cheti cha mtoto kwenye sanduku la nguo, chini ya doti za khanga nikakuta kipande cha halua kimekunjwa kwenye karatasi, na sisi Wete, huku Pemba, halua si kitu cha kutafuta mbali. Nikapiga kelele mbele ya watoto. Akanisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Kila siku waniuliza nimekula nini. Weye leo nimepika nini wajua?"

Sikujua. Nlikuwa nimekula na sikujua. Halua ikahama sanduku tu.

2018 vidonge peke yake vikawa havitoshi, akaongezewa insulini, ile ya mchanganyiko ya asubuhi na jioni. Hapo ndo familia nzima ikaingia, na sio kwa heri. Dada yangu akaja na chupa ya dawa ya miti, akamwambia mke wangu, wifi yangu, usikubali sindano, sindano ikianza ndo mwisho, fulani alianza sindano akakatwa mguu. Mke wangu akaacha sindano siku tisa kimya kimya, akawa anakunywa yale maji machungu. Alipofika 24 na kutapika ndo akasema. Kwa hio nikisikia watu wanasema familia ni dawa mie nauliza familia ya nani. Insulini sio mwisho wa chochote, kongosho inachoka mwaka hadi mwaka, ikishindwa kutengeneza ya kutosha unaongezewa kwa nje. Na yule fulani aliekatwa mguu, nikaja kujua baadae, alikatwa kwa sababu alichelewa, sio kwa sababu ya sindano. Dada yangu simlaumu sana. Alikuja na chupa kwa miguu kutoka kwake mvua inanyesha. Alikuwa anasaidia.

Haya, turudi kwenye mkeka. Siku ya kumi hivi tangu nifungwe hogo, karafuu zimeletwa nyingi, usiku wanawake na watoto wamekaa uani wanachambua, taa imening'inizwa kwenye mpera. Mazungumzo, vicheko, mtu anaanza nyimbo anaachia njiani. Mke wangu yupo katikati yao. Mie kutoka pale nilipo namuona mikono yake inaenda polepole, halafu anatupa karafuu na makonyo kwenye fungu moja. Binti yetu mkubwa, wakati huo kidato cha pili, akamwambia "Mama unachanganya." Akamtukana. Mwanamke ambae miaka yote sijamsikia neno chafu akamtolea mwanawe tusi la bandarini, kisha akacheka peke yake. Jasho linamtoka mpaka mtandio umerowa, na usiku ule ulikuwa na upepo.

Mama yangu akasema "Huyu kapandwa. Leteni ubani."

Na ubani ukaja mara moja, kwetu ubani hautafutwi. Mtu mmoja kashamshika kichwa anamsomea, mwengine anauliza shetani wake anataka nini, na mie nimelala na hogo langu napiga kelele leteni kipimo, leteni kipimo, hakuna anaenisikiliza. Nlikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba chini ya nne ni hatari, aliniambia mwenyewe siku aliyopewa sindano, mie nikiangalia mpira. Binti yangu ndie aliesikia. Akampima. 2.4.

Vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu bilauri ya maji, koroga, kanywa mengine yakamwagika kifuani. Dakika kumi na tano, 3.3. Tena vijiko vitatu. 5.2. Akafumba macho, akafumbua, akauliza mbona mnanukia ubani, nani kafa?

Mama yangu alikuwa anaangalia lile bilauri. Akasema "Basi shetani wake anapenda sukari."

Tulicheka usiku ule mpaka mbavu zinauma, na yeye mwenyewe ndie aliecheka kushinda wote. Lakini nlipotulia nikauliza, huyu kala saa ngapi? Sindano kachoma magharibi. Baada ya sindano kawapakulia wachumaji, sinia mbili. Kampakulia mama. Watoto. Mie nikaletewa mkekani. Wakaja wageni wawili, nao. Kisha gunia la karafuu likamwagwa akaenda kuchambua. Chakula chake kilikuwa jikoni chini ya kawa hakijaguswa. Dawa ile inataka mtu ale ndani ya nusu saa, na nyumba yetu inataka mpishi ale mwisho. Kila siku jioni kwa mwaka mzima alikuwa anapita katikati ya vitu viwili hivi, na mie nlikuwa naona namba za juu tu naona ni ulafi wa halua, kumbe mara nyengine zinapanda kwa sababu zimeshuka kwanza, anatetemeka peke yake jikoni anabugia chochote kitamu kilicho karibu.

Ndo mana halua ilikuwa kwenye sanduku. Sio zote, namjua mke wangu, nyengine alikuwa anaipenda tu. Lakini nyengine ilikuwa dawa yake ya siri.

Wiki ilofata nikaenda nae kliniki kwa mara ya kwanza, miaka minne tangu aanze. Nina magongo mawili na mguu mweupe, nesi akaniambia mzee pita hapa nikupime, akadhani mgonjwa mie. Kwenye benchi nikaona jambo ambalo sijaliacha kuliona mpaka leo. Wanaume wamekuja na wake zao. Mke ndie aliekamata kitabu, ndie anaejibu. Dakta anamuuliza mzee unakula nini jioni, mzee anageuka kumuangalia mkewe. Wanawake wamekuja peke yao, au na mtoto mgongoni. Siku ile nlihesabu, kuhesabu kulishanikaa, wanaume kumi na moja na tisa wana wake zao, wanawake kumi na sita na alokuja na mume mmoja tu, mke wangu, na mume mwenyewe ndo mie na magongo.

Nesi akaniuliza mie, sio yeye. Anachoma saa ngapi? Uniti ngapi? Akishuka utamjuaje? Nikajua moja kati ya tatu, na hio moja kwa sababu ya usiku ule wa karafuu. Akanifundisha kama mtoto wa chuo cha Kurani, nirudie kwa sauti. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, hasira isiyo na mpango. Pima kama unaweza, kama kipimo hakipo usisubiri kipimo. Vijiko vya chai vitatu mpaka vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, subiri dakika kumi na tano, pima tena, ikikaa sawa ale chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Halafu akamgeukia mke wangu akamwambia maneno ambayo mie nayanukuu kila nikipata nafasi: "Ukichoma, kula. Wageni watasubiri, dawa haisubiri."

Kulisema rahisi. Mpeleke sasa mwanamke wa Kipemba jikoni umwambie ale kabla ya bwana'ke na mama mkwe wake. Yeye mwenyewe ndie aliekataa wa kwanza, anasema ataonekanaje. Mama yangu hakukataa, alinyamaza, na kwa mama yangu kunyamaza ni zaidi ya kukataa. Siku tatu za mwanzo alikula kwa kujificha nyuma ya mlango, tonge tatu, anasikiliza nani anakuja. Mie nikawa nakaa nae pale jikoni ili akija mtu aanze kunishangaa mie. Hio ndo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana kwenye ugonjwa wake, kukaa kwenye mbuzi ya nazi na hogo nikishangaliwa.

Alieleta mabadiliko ni mama, na sio kwa hoja zangu. Jioni moja adhana ya magharibi imemalizika nikamsikia anaita kutoka chumbani kwake: "Mwanangu, kula, usije ukatupandia tena!" Tangu siku hio ikawa ndo saa ya nyumba. Kila jioni, kula usije ukatupandia. Watoto wakaishika, mpaka jirani akaishika.

Kisha likaja suala la sinia. Sisi tunakula pamoja, wanawake na watoto sinia moja, na kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unaenda na maneno. Kliniki wanasema apimiwe kwenye sahani yake. Tukajaribu. Wiki moja. Anakaa na sahani yake pembeni kama mwenye ndui, watoto wanamuangalia, yeye anaangalia sinia, akala nusu akasema kashiba na usiku nikamsikia kwenye sufuria. Binti ndie aliepata njia. Akasema mama, si tunafundishwa tule kilicho mbele yetu? Basi akawa anapakua sinia kwa mpango, upande wa mama yake wali wa kikombe kimoja cha chai umepinduliwa, pembeni mchicha mwingi au bamia, na kipande kikubwa cha samaki, pande nyengine wali wa kawaida. Kila mtu ale mbele yake. Sinia ni moja, mazungumzo ni yale yale, na mkono wa mdogo ukivuka kuja kuiba samaki wa mama yake unapigwa kofi kama zamani.

Kosa letu kubwa lilikuwa muhogo. Tulisikia wali mbaya tukahamia muhogo, ndizi, shelisheli, viazi vikuu, tukajaza sahani kwa furaha kwamba ni chakula cha asili hakina sukari, na kipimo kikawa kinasoma 14, 15. Wanga ni wanga. Muhogo ukiingia tumboni unageuka sukari kama wali unavogeuka, tatizo ni wingi, na ukiutia tui zito la nazi unaongeza na mafuta. Tende pia, asali pia, na juisi ya embe ya nyumbani bila sukari ni sukari ya embe. Hili ukiwaambia watu wanaona umekufuru. Nlikuwa mbishi kuliko wote, kipimo ndo kilinishinda.

Hogo lilipotoka sikutoka jikoni moja kwa moja. Kuna vitu nlishavizoea. Kukuna nazi, kupaa samaki, kupika uji wa asubuhi ili yeye asiusogelee. Na tukaweka zamu ya kuonja, hili jambo dogo nnaliona kubwa kushinda yote, kila siku kuna mtu mmoja ndani ya nyumba ambae ndie muonjaji, mpishi anaita, muonjaji anakuja na kijiko. Barazani wakasema nimelishwa limbwata. Rafiki yangu mmoja alinivuta pembeni kwa huruma ya kweli akanipa jina la mganga wa kunitoa. Nikamwambia ndugu yangu, kama hili limbwata lina kiwango cha sukari kinachoshuka basi waliuze hospitali. Hakucheka. Mkewe ana sukari mwaka wa sita, kila nikenda namkuta benchi peke yake.

Miguu ni kazi yangu pia, kila usiku baada ya isha, tochi ya simu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za nyayo, mtu anakanyaga kitu hasikii. Yeye ni mtu wa pwani, maji yakitoka anakwenda kuokota chaza na wenzake, na mara moja nikakuta chini ya kidole gumba kipande cha gamba kimeingia ndani, damu imeganda, na alikuwa kashatembea nacho siku nzima. Hakusikia kitu. Kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga na kila wiki ya wiki zile nlikuwa naota mguu uliokatwa. Sasa haendi pwani bila viatu vya plastiki. Na piko za harusini nyayoni tumeacha, hina nyeusi ile inaficha ngozi, wekundu hauonekani. Alinuna kwa hilo. Mie nikakubali anune.

Ramadhani ndo mtihani wenyewe. Ya 2020, ile ya korona, tulikwenda kwa dakta mwezi kabla, maana wapo wagonjwa ambao hawatakiwi kufunga kabisa na huwezi kujiamulia mwenyewe. Yeye akaruhusiwa kwa masharti, dozi ya daku ikapunguzwa, apime mchana, ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 afungue hapo hapo hata kama imebaki robo saa. Akasema kutoboa kidole kunabatilisha saumu. Nikaenda kumuuliza shekhe wetu, akasema tone la kupimia halibatilishi, na mgonjwa kapewa ruhusa yake kwenye Suratul Baqara, aya ya 184 na 185 ziko wazi, asiipe nafsi yake mzigo ambao Mola kamuondoshea.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, 3.5. Akaniambia yamebaki masaa manne nitavumilia. Tukaingia chumbani nikafunga mlango, nikampa maji ya sukari, akanywa huku analia, sio kwa ugonjwa, kwa haya. Nlikaa nae pale kimya, maana kila nlichotaka kusema ni kile kile alichosema shekhe na kashakisikia. Mama yangu akagonga mlango, hakungoja kujibiwa. Yeye kwa uzee wake alikuwa hafungi mwaka wa tatu, tunamlipia fidia. Akakaa kitandani akasema "Mie nala mchana mbele yenu wote, mbona hamnionei haya mie?" Jioni ile kaimati alikaanga mtoto wetu wa kiume, zilikuwa kama kokoto, tulizila.

La mwisho kabla sijasahau, umeme. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi mbili mpaka nane, sio kwenye barafu, ikiganda imekufa. Iliofunguliwa inaweza kukaa nje kama wiki nne ila pasiwe na joto kali, na nyumba zetu za bati mchana mnazijua. Njia yetu tuliipata kwa shangazi yangu wa Unguja. Kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakuna umeme miezi mitatu, alikuwa anamuwekea mumewe dawa ndani ya kikopo chenye mfuniko, kikopo ndani ya mtungi mdogo, mtungi ndani ya beseni la mchanga uliorowa, pembeni ya dirisha lenye upepo. Udongo ukitoa jasho unapooza. Sio friji, lakini dawa ilifika. Na sisi umeme ukikatika ndo tunavofanya, mtungi upo chini ya kitanda chetu na hakuna mtoto anaeruhusiwa kuchota maji yake.

Kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 10.8 mwaka nlioanguka. Cha karibuni ni 7.4. Katikati kuna miezi ilipanda tena, kuna harusi tatu za mfululizo ambazo sote tulipotea njia, na kuna siku askari aliemo ndani yangu anaamka na kuuliza hio nini unayotafuna, na mtu ananiangalia jicho lile lile la halua. Watoto vijiti vya kupimia wananunua kwa zamu, alieko Unguja anatuma na boti. Na mie mwenyewe walinipima kwa mzaha mwaka jana asubuhi sijala, 6.4. Bado sio sukari lakini mlangoni. Chai yangu sasa haina kitu, chungu kama maneno ya mama mkwe, naizoea.

Leo Jumamosi, zamu yangu ya kuonja, na nshaitwa mara mbili.